Shajara ya mradi: Shela, fonti ya mwandiko kwa kadi za harusi

Januari

Lengo: kuchora fonti ya mwandiko wa kuunga herufi, ile ya kadi za harusi ambayo mistari yake hunenepa ikishuka na kukonda ikipanda, ila safari hii ichorwe kwa kufuata maneno ya Kiswahili. Jina la kazi ni Shela. Itatolewa chini ya leseni huria ya fonti ya shirika la SIL, yaani OFL (Open Font License), ili mwenye duka la kadi aitumie bila kulipa na aibadilishe akitaka, mradi asiiuze yenyewe peke yake na mabadiliko yake yabaki chini ya leseni hiyo hiyo.

Nimeshaulizwa kwa nini nisitumie zilizopo. Zipo nyingi na nyingine ni nzuri kweli. Great Vibes ya Robert Leuschke naikuta kwenye kadi kila ninapoalikwa. Wenye kompyuta za Mac wana Snell Roundhand na Zapfino bila hata kuzitafuta. Uzuri zinao. Lakini fonti ya namna hii inasimama au kuanguka kwenye maungio yake, na maungio hupangwa na mtu kwa lugha anayoijua. Aliyechora akifikiria Kiingereza alihangaika na th, na ll, na mkia wa d mwishoni mwa neno. Kwetu karibu kila neno linaishia kwenye irabu, w imejaa kila kona, na ng' hakuiwaza kabisa. Andika "Mwenyezi Mungu" kwa fonti tatu tofauti za bure halafu tazama pale w inapokutana na e. Hapo ndipo mradi huu ulipozaliwa.

Januari, mwishoni: vielelezo

Nafuata mwandiko wa duara wa Waingereza wa karne ya 17 na 18. Ni mwandiko wa biashara kwa asili yake: makarani wa London waliutumia kwenye hati, hundi na daftari za mizigo, na walimu wa uandishi walishindana kuchapisha vitabu vya mifano. Kitabu kinachojulikana zaidi ni The Universal Penman cha George Bickham, kilichoanza kutoka kwa sehemu sehemu mwaka 1733. Bickham alikuwa mchongaji. Alichukua miandiko ya walimu mbalimbali akaichonga kwenye mabamba ya shaba, na ndiyo maana wengine huuita mwandiko wa bamba la shaba.

Hili lina maana kubwa kwa mchoraji wa fonti. Patasi ya mchongaji inaweza kutoa mstari mwembamba kuliko ule ambao unyoya wa bata bukini uliweza kuuacha kwenye karatasi. Basi ule wembamba wa kupitiliza tunaouona kwenye fonti nyingi za harusi ni urithi wa patasi. Mimi nitarudi kwenye kalamu: nimeandika alfabeti nzima kwa kalamu ya chuma yenye ncha inayopanuka ukiikandamiza, kwa wino mweusi, nikapitisha kwenye skana.

Enzi za uchapaji wa herufi za madini ya risasi kazi hii ilikuwa mateso. Kila herufi ilikaa kwenye kipande cha mstatili, na mwandiko unalala. Sehemu iliyotokeza nje ya kipande ilivunjika, au maungio yakaacha mwanya. Mchoraji wa fonti Matthew Carter alipotoa Snell Roundhand mwaka 1966, kutokana na mwandiko wa Charles Snell, mmoja wa wale walimu wa uandishi wa London, aliichora kwa ajili ya upangaji wa herufi kwa picha, ambako hapakuwa na risasi ya kuzuia kitu. Herufi ziligusana bila shida. Baadaye, mwaka 1997, Richard Lipton aliitengenezea kampuni ya Adobe fonti ya Bickham Script, yenye herufi mbadala nyingi kiasi kwamba neno moja unaweza kuliandika kwa sura kadhaa.

Nimeweka mlalo wa nyuzi 55 kutoka mstari wa chini, kama desturi. Kila herufi naichora kwenye mraba wa vipimo 1,000. Programu ni FontForge, ambayo ni huria. Sura yake ya kizamani inachosha macho, ila inafanya kazi.

Februari: ndoa

Badala ya kuchora a, b, c kwa mpangilio, nimeanza na maneno yatakayoandikwa kila siku: ndoa, harusi, furaha, karibu, sherehe, familia, mwana. Neno "ndoa" limenifundisha zaidi ya alfabeti yote.

Herufi ndogo za mwandiko huu zina makundi mawili. Zipo zinazotoka chini: a, i, u, n, m, h, k, d. Mstari wao wa mwisho unaanzia chini na kupanda kuelekea herufi inayofuata. Zipo pia zinazotoka juu: o, w, v, b, r. Hizi zinamaliza karibu na kimo cha herufi ndogo, na kiungo chao ni kijistari cha kulala, chenye kubonyea kidogo katikati. Kwenye "ndoa", n inatoka chini kwenda d, d inatoka chini kwenda o, halafu o inatoka juu kwenda a. Ile a inapaswa kupokea mstari unaoingia kwenye bega lake, si kwenye kiuno. Ukiwa na a ya aina moja tu, unapata neno lenye kovu hapo hapo katikati, na ndilo neno kubwa kuliko yote kwenye kadi.

Sasa hesabu maungio ya juu kwenye maneno yetu. Kwenye "harusi" ipo r kwenda u. Kwenye "furaha" ipo r kwenda a, kwenye "karibu" ni b kwenda u, na "sherehe" ina r kwenda e. Kisha njoo kwenye viambishi: wa-, mwa-, kwa, bwa-, vya. Waingereza wanayo pia, lakini kwetu ni kila mstari. Kwa hiyo Shela ina seti mbili za irabu tangu mwanzo, moja ya kupokea kutoka chini na moja ya kupokea kutoka juu, na fonti yenyewe inachagua kwa kutazama herufi iliyotangulia. Sijaifanya kuwa pambo la hiari. Bila hiyo fonti haijaanza.

Tatizo lililobaki ni e. Kitanzi cha e huanzia chini, kinapanda kulia, kinarudi juu. Kiungo kikiingia kwa juu, kitanzi kinakosa pa kuanzia na e inageuka c, au mbaya zaidi l fupi. Nimechora w na e kama herufi pacha, kitu kimoja: mstari wa w unashuka taratibu kabla ya kuingia kwenye kitanzi. Vivyo hivyo r na e, b na e, o na e. "Wenzi" sasa inasomeka wenzi.

Machi: a tano

Mvua zimeanza na umeme unakatika jioni, kwa hiyo kazi ya kompyuta ni asubuhi, jioni ni karatasi.

Neno la majaribio wiki hizi ni "wanawakaribisha". Lina herufi 15, tano kati yake ni a. Kwenye fonti ya kawaida ya kitabu hakuna anayeona. Kwenye fonti inayojifanya imeandikwa kwa mkono, a tano zilizofanana kama pacha zinaitoa siri mara moja, maana hakuna mkono wa binadamu unaorudia hivyo. Nimechora a tatu. Tofauti ni ndogo: ya pili tumbo lake ni jembamba kidogo, ya tatu mkia wake wa kutokea ni mrefu zaidi. Kanuni ni fupi: ikiwa herufi mbili nyuma kulikuwa na a ya kwanza, weka ya pili, ikiwa kulikuwa na ya pili, weka ya tatu, kisha rudi mwanzo. Kwa a mbili zilizofuatana, kama kwenye "maalumu" na "saa", kanuni ni ya peke yake, ya pili iwe nyembamba kila mara.

Toleo la kwanza la hizo a lilikuwa na tofauti kubwa zaidi, na mstari mzima ukaonekana umelewa. Nimezipunguza mpaka mtu asizione ila aone tu kwamba mstari una uhai.

Mikia ya mwisho wa neno nayo imebadilika sura kwa sababu ya irabu. Kwa kuwa karibu kila neno linaishia a, e, i, o au u, mikia mirefu nimechora kwa hizo tano kwanza. Ya o ndiyo ngumu, maana inatoka juu na haina pa kwenda zaidi ya kujipinda hewani. Konsonanti sikuziacha, sababu majina ya watu yapo: Hassan, Joseph, Salim, Agnes. Q na x hatuna kwenye Kiswahili, lakini Qassim na Felix wanaoa pia.

Mikia haiwaki yenyewe. Mtumiaji anaichagua kwa neno moja moja. Kadi yenye mkia kila neno inafanana na uzio wa seng'enge.

Machi, mwishoni: ng'

Siku nzima kwenye alama moja. Kwenye mwandiko wa kuunga, g inashuka, inapiga kitanzi chini ya mstari, inarudi kupanda na kuungana na herufi inayofuata. Ukiweka alama ya ritifaa kati yao, fonti ya kawaida inaihesabu kama herufi inayojitegemea: kiungo kinakatika, kinaachwa mwanya, alama inakaa mwanyani, kisha neno linaanza upya. "Kung'aa" inakuwa maneno mawili yaliyogombana.

Suluhisho: g na ritifaa ni herufi pacha, kiungo kinapita chini bila kukatika na alama inaelea juu yake. Kuna mtego kwenye kuandika, kwa sababu watu hawatumii alama moja. Simu inatoa ile iliyonyooka, Word inaipinda yenyewe, na kuna ya tatu inayopendwa na wanaisimu. Nimeziandikia kanuni zote tatu zifike mahali pamoja. Jaribio kali lilikuwa majina ya Kisukuma, mfano Ng'wanamalundi, ambako baada ya ng' inafuata w: kitanzi kinapanda, kinapita chini ya alama, kinaingia kwenye bonde la w. Imekaa vizuri kuliko nilivyotarajia, na kusema kweli ni pacha ninayoipenda kuliko zote kwenye faili.

Aprili: herufi kubwa

Hapa ndipo fonti za harusi zinapojivuna, na hapa ndipo wasomaji wanapopotea. Mapambo ya herufi kubwa za karne ya 18 yanafanya F na T zifanane shina na kofia, I na J zifanane kila kitu isipokuwa urefu.

Nilichapa karatasi ya majina nikampelekea shangazi yangu, ambaye kwenye ukoo wetu ndiye msomaji wa kadi zote zinazoingia. Akaivaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Fatuma, sawa. Halafu huyu Jissa ndiye bwana harusi?"

"Issa, shangazi."

"Basi mwandikie Issa, mwanangu. Na huyu wa chini, Turaha?"

Furaha. Nilichukua karatasi yangu nikarudi mezani. Kwenye toleo la sasa I inakaa juu ya mstari na kumalizika kwa kijipindo cha kushoto, J inashuka chini kwa kitanzi kamili, haina namna ya kuchanganywa. F imepata kijistari cha katikati kinachoonekana wazi, na kofia ya T imeachana na shina lake. Mapambo yamepungua. Nasikitika kidogo kwa ile F ya zamani, ilikuwa nzuri sana, lakini kadi inayowataja wenye harusi kwa majina yasiyo yao haina kazi.

Kila herufi kubwa ina sura mbili: ya kawaida, na ya pambo kwa majina mawili makubwa ya katikati ya kadi. Kati ya majina hayo wabunifu wengi huweka alama ya &. Nimechora badala yake "na" iliyofungwa pamoja kama nembo ndogo, a yake ikirudisha mkia chini ya n. Alama ya & ipo pia kwa anayeitaka.

Sababu nyingine ya kushughulikia majina kwa bidii: zamani nafasi ya mgeni kwenye kadi iliachwa nukta tupu, na mjumbe wa kamati mwenye mwandiko mzuri akajaza kwa peni. Siku hizi majina yanavutwa moja kwa moja kutoka orodha ya kompyuta, kadi mia kadhaa kwa mkupuo, hakuna wa kurekebisha jina moja moja. Fonti lazima ijiweze kwa kila jina litakalokuja.

Mei: mashine ya kuchapa

Faili nzuri kwenye kioo haijawa kadi. Nimepeleka majaribio kwa fundi mmoja wa Kariakoo anayechapa kadi za dhahabu ya kubandika kwa joto. Alitazama kwa jicho moja akacheka.

"Dada, hivi vistari dhahabu haitashika. Na vitanzi vyako vitaziba."

Yuko sahihi kwa hesabu. Mstari wangu mwembamba ulikuwa vipimo 18 kati ya 1,000. Kwa herufi ya pointi 14 hiyo ni robo ya pointi, chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Kwa majina ya pointi 60 inapendeza, kwa mstari wa "wanayo furaha kukualika" inapotea. Na kama ni herufi nyeupe kwenye karatasi ya damu ya mzee, wino wa pembeni unaingia na kuila kabisa.

Kwa hiyo Shela itatoka kwa uzito wa aina mbili. Ya majina ina mistari ya vipimo 18. Ya maneno ina mistari ya vipimo 30, vitanzi vilivyofunguka zaidi, herufi ndogo zimekuzwa kidogo na nafasi zimelegezwa. Sikunenepesha tu, maana ukinenepesha tu maungio yanavimba kama viwiko, nimeyachora upya. Fundi ameikubali ya pili, ya kwanza amesema ataichapa kwa masharti, yaani majina makubwa tu na karatasi laini isiyo na vinyweleo.

Jambo jingine limetoka kwa wanaokata majina ya ukumbini, yale ya mbao au plastiki yanayosimama nyuma ya maharusi. Kwenye fonti ya kuunga, kila herufi inapanda kidogo juu ya jirani yake ili kiungo kisiache mwanya. Printa haijali. Mashine ya kukata inajali sana: inafuata mzingo wa kila herufi na kukata katikati ya kiungo, "Neema" ikatoka vipande vitano. Anayekata lazima kwanza abadilishe maandishi kuwa michoro na kuyayeyusha kuwa umbo moja; kwenye programu ya kuchora ya Inkscape ni amri ya Union iliyo kwenye menyu ya Path. Nitaliandika hilo kwa herufi nene kwenye maelezo yatakayoambatana na faili, na kuongeza kwamba kwa kazi ya kukata itumike uzito wa vipimo 30 pekee.

Juni: matumizi

Naandika ukurasa wa maelekezo. Inafaa kwa: majina ya maharusi, mstari wa mwaliko, kichwa cha cheti cha ubatizo au kipaimara, jina la manukato, nembo ya saluni, jina juu ya keki. Haifai kwa namba ya simu, saa, ramani ya ukumbi, wala majina ya wanakamati. Haifai pia kwa herufi kubwa tupu. "HARUSI" kwa herufi kubwa sita za mapambo ni vichaka sita.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye mabango ya mjini ni kutawanya herufi. Mbunifu anaona neno fupi, anavuta nafasi lijaze bango, na kila kiungo kinakatika. Kinabaki kijimkia kinachoning'inia bila cha kushika. Fonti ya kuunga haitawanywi. Kama neno ni fupi, likuzwe, au liongezewe mkia wa mwisho, kazi ambayo mkia uliumbiwa.

Ya pili kwa kuudhi ni kuiweka karibu na mwandiko mwingine wa mapambo. Iwekwe na herufi zilizosimama, tulivu. Nimejaribu kadhaa na nimetulia na Libre Baskerville, ambayo ni huria pia. Wanaelewana kwa sababu ya undugu: John Baskerville alifundisha uandishi kule Birmingham kabla hajawa mchapaji, na unene na wembamba wa herufi zake unatoka kwenye kalamu ile ile. Tarehe, ukumbi, Single au Double, vyote viende huko.

Anayetumia Word akumbuke kwamba herufi pacha na herufi mbadala hazijawashwa. Aende kwenye mipangilio ya fonti, ukurasa wa Advanced, awashe ligatures (herufi pacha) na contextual alternates (herufi mbadala zinazochaguliwa kwa kutazama jirani), la sivyo ataona Shela ikiwa na a moja tu na ng' iliyokatika. Programu nyingi za simu hazina hata pahali pa kuwasha. Kwa hao nimeziweka pacha muhimu na mikia kwenye nafasi za ziada za jedwali la herufi, wazinakili moja moja. Ni usumbufu, ila kadi nyingi sasa zinatengenezwa kwenye simu na kutumwa WhatsApp, hatuwezi kujifanya hawapo.

Juni, mwishoni: hali ya kazi

Herufi ndogo zimekamilika kwa uzito zote mbili. Herufi kubwa za kawaida zimekamilika; za mapambo bado K, W na Z. Tarakimu zimechorwa zenye kulala, kwa ajili ya tarehe kubwa tu. Nafasi kati ya herufi kubwa na ndogo inahitaji duru nyingine, hasa T, V na W zikifuatwa na irabu: "Tatu", "Vumilia" na "Wema" bado zina shimo baada ya herufi ya kwanza. Fundi wa Kariakoo ameomba faili ya uzito wa 30 kabla ya msimu wa harusi wa Desemba, ajaribu kwenye kadi za kweli. Nimempa, kwa makubaliano kwamba kila kadi itakayotoka ananiwekea moja iliyoharibika, nione ni wapi wino umeziba.